Mstari wa Dhehebu

Ijumaa, 3 Januari

Mvua tangu asubuhi. Bati linapiga kelele mpaka cherehani yangu siisikii, nakanyaga kwa mazoea tu. Nimechukua daftari la Upendo la darasa la saba, limebaki kurasa nyingi safi, na mimi sipendi kuona karatasi inatupwa.

Kuandika hivi nilifundishwa na Sista Pelagia. Kila jioni baada ya chakula, dakika kumi, bweni zima kimya, kila mtu na daftari lake: leo umeona nini, leo umekosea wapi. Hakuwahi kuyasoma. Alipita tu kati ya vitanda na ndala zake akiangalia kama kalamu zinatembea. Tangu nimalize kidato cha nne, miaka ishirini na moja sasa, sijaandika kitu zaidi ya vipimo vya viuno vya watu. Leo nimeanza tena kwa sababu nyumba imechafuka na sina wa kumwambia.

Mambo yenyewe ni haya. Upendo, mwanangu wa pekee, amepata nafasi kwa masista, shule ileile niliyosoma mimi, barabara ya Sumbawanga. Baba yake, Fredrick, kafurahi. Mama yake Fredrick hajafurahi. Na katika nyumba hii ya hapa Shanwe, Mpanda, Mama Dina asipofurahi, hata chai hainyweki.

Mama mkwe wangu ni Mmoravian wa Inyonga, mzee wa kanisa, mtu wa kusoma neno la siku kabla hajanawa uso. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa Majimoto mpaka nilipoolewa. Kwetu huku mwanamke anahamia kwa mume na anahamia kanisa la mume, wala hakuna anayemuuliza. Nina miaka kumi na tano kwa Wamoravian.

Leo wakati wa kula alisema, "Wale wanageuza watoto. Anaingia wetu, anatoka wao." Kisha akaomba chumvi.

Jumapili, 5 Januari

Baada ya ibada Fredrick alituita sebuleni tumalize. Mama alikaa kwenye kochi, mguu mbovu juu ya kigoda, akaanza kuhesabu kwa vidole. Kwanza, usipokuwa Mkatoliki hawakupokei. Pili, wanasali kutwa nzima, kusoma saa ngapi? Tatu, msichana mwenye akili wanambakiza awe sista, na huyu ndiye mjukuu wake pekee. Nne, wanapigia magoti sanamu.

Nikasema haya, na mimi naomba vidole vyangu. Darasani kwetu tulikuwa arobaini na wawili. Wamoravian walikuwepo, Wapentekoste walikuwepo, Waislamu watatu. Zaituni wa Ikola alikuwa na mkeka wake wa kuswalia chini ya kitanda, na mwezi wa Ramadhani Sista Pelagia ndiye aliyemwamsha ale daku, tena kwa kumvuta kidole gumba cha mguu. Kusali? Nusu saa asubuhi, jioni kidogo. Saa nyingine zote ni hesabu, kemia na jembe. Na masista je? Katika arobaini na wawili ametoka mmoja tu, Josefina, na huyo ndiye aliyekuwa anaiba sukari stoo na kupenya uzio kwenda kununua mihogo ya kukaanga. Sisi tuliokuwa tunapiga magoti kwa bidii wote tumeolewa!

Fredrick alicheka, akamwangalia mama yake, akaacha.

Mama akafikiri sana. Mwisho akasema, "Aende. Lakini mpaka mpunga uvunwe. Likizo ya mwezi wa sita nikiona wamemgeuza, harudi. Atasoma hapahapa shule ya kata, na wewe Mama Upendo usije ukanililia."

Fredrick akasema, "Imepita." Yeye hawezi kumvuka mama yake, na sitamlaumu, ndivyo alivyolelewa.

Jumanne, 7 Januari

Orodha ya vitu vya kwenda navyo imezua balaa. Godoro, ndoo mbili, jembe, fyekeo, tranka, mpaka hapo Mama alikuwa anatikisa kichwa tu. Nikasoma: gauni jeupe moja. Akasimama, na goti lile bovu.

"Si nimesema! Gauni jeupe! Kidato cha kwanza tu wanamfunga nadhiri!"

"Mama, ni sare ya Jumapili."

"Nani anavaa nyeupe na udongo huu wa Mpanda?"

"Ndiyo adhabu yenyewe hiyo, kuifua."

Jamani nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nilikumbuka tulivyokuwa tunapanga foleni mtoni kila Jumamosi na vipande vya sabuni, tunasuguliana magauni sehemu za magoti, Josefina anatuigizia mwalimu wa fizikia. Nimelishona la Upendo leoleo, na kola ya duara kama langu.

Sasa niandike na lile jingine, maana Sista Pelagia alisema umekosea wapi. Fomu niliijaza peke yangu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo, magonjwa. Kisha mstari mmoja: Dhehebu. Kalamu ilisimama pale, halafu nikaandika Mkatoliki. Nilijiambia ni kwa usalama, wasije wakamweka mwisho wa orodha. Mimi, niliyetoka kumhubiria mama mkwe habari za Zaituni! Nikampelekea Fredrick gereji, akafuta mikono ya grisi, akasaini bila kusoma. Ananiamini.

Jumatatu, 13 Januari

Tumempeleka. Geti wamelipaka rangi nyingine, bwalo ni jipya, lakini ile harufu ya uji na moshi wa kuni na nta ya sakafu ni ileile, nikasimama kuivuta puani mpaka mlinzi akaniita mara ya pili. Tulipokuwa tunashusha tranka, wasichana wa kidato cha tatu walikuja mbio kulibeba, wakamwita Upendo "mdogo wetu" kabla hawajajua jina. Na sisi tulifanya hivyohivyo. Upendo hakulia. Mimi nililia mpaka Fredrick akanipa kitambaa chake cha gereji.

Mkuu wa shule yuko safari, sikumwona. Wanasema ni Sista Josefina. Nikauliza Josefina yupi? Ndiye yeye, mwizi wa sukari.

Jumapili, 19 Januari

Mvua. Mashati manne. Nyumba kubwa sana.

Jumapili, 26 Januari

Upendo kapiga kwa simu ya matroni, dakika tano. Anakula vizuri, kengele ni saa kumi na moja alfajiri, maharage yana mawe. Mama aliomba simu ikaongezwa sauti, akauliza swali moja tu: "Bado unajua wewe ni wa wapi?" Upendo akajibu, "Ndiyo, Bibi." Mama akarudisha simu na uso umelegea. Kumbe huyu mama hana chuki, ana hofu. Sikuwahi kuliona hilo.

Jumatano, 5 Februari

Mama Method wa nyumba ya pili kaleta vitenge na maneno. Anasema kwa masista watoto wanachapwa wakiongea Kiswahili, hawaruhusiwi kucheka, hawafundishwi baiolojia kwa sababu ni dhambi. Nikamwambia dada yangu, baiolojia nilifundishwa na sista, kwa mchoro wa ukutani mkubwa kama shuka, akiwa na fimbo anaonyesha kila kiungo kwa jina lake, na sisi tumejificha nyuma ya madaftari kwa aibu. Mama Method akafumba mdomo. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Najua alisikia, maana ungo uliacha kulia.

Nilimtetea Sista kwa nguvu zote. Baadaye nikakumbuka fomu, nikashona mkono wa kulia upande wa kushoto.

Jumapili, 16 Februari

Leo nimepata mshtuko. Simu ililia, Mama akawahi kuongeza sauti. Upendo hakusalimia vizuri, akasema haraka, "Mama, wameniweka darasa la kipaimara. Wanasema kwenye karatasi zangu..."

Nikaikata. Ndiyo, nilimkatia mwanangu simu. Nikasema mtandao huu jamani, mvua hii. Mama alinitazama. Anamngoja Upendo apate kipaimara kanisani kwao, hata kitambaa alishanunua, kipo kwenye sanduku lake na dawa ya nondo.

"Alisema nini kuhusu kipaimara?"

"Sikusikia vizuri, Mama."

Uongo wa pili. Sijalala mchana, na huwa nalala.

Jumatatu, 17 Februari

Vifungo tu leo. Sina la kuandika.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nilikuwa nimesahau, mpaka alipokuja mteja na alama ya jivu kwenye paji la uso kuchukua suruali yake. Shule ilikuwa kimya siku hiyo kuliko siku zote. Tulipanga mstari kwenye kanisa dogo, hata wasio Wakatoliki waliotaka walikuja, wasiotaka walibaki maktaba na hakuna aliyewauliza. Padri alikuwa mzee, mkono unatetemeka, jivu lilitumwagikia puani. Baadaye tuliambiwa tusijipanguse, tukatembea siku nzima na nyuso chafu, tukijisikia watu wazima.

Nilimhesabia mteja wangu chenji huku namwangalia paji la uso. Nilipogeuka Mama alikuwa mlangoni ananiangalia mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Kesho ni siku ya wazazi kutembelea watoto. Mama alisema anakwenda, akaone kwa macho yake. Usiombe kusafiri saa mbili na mtu unayemdanganya. Lakini mvua imenyesha siku tatu, barabara imekatika mahali, watu wanashuka kwenye basi na kuvuka tope kwa miguu, na goti lake haliwezi. Akasema, "Nenda wewe. Ukamwangalie kwa niaba yangu." Nikashukuru Mungu kwa goti bovu la mtu mzima. Sijui nimekuwa mtu gani.

Jumamosi, 29 Machi

Ngoja niandike yote.

Nilifika na tope mpaka magotini. Mkuu wa shule alisimama kwenye baraza, mnene kidogo, miwani, kitambaa cha kichwani kimenyooka. Nikaamkia, "Tumsifu Yesu Kristo, Sista." Akaitikia, "Milele, amina," halafu akanikumbatia na tope langu lote. "Fausta! Bado una ile tabia ya kutembea kama unakimbizwa!" Tulicheka. Nikamuuliza kama stoo ya sukari ana ufunguo, akasema anao mwenyewe, hamwamini mtu, maana anawajua wasichana.

Alinipeleka ofisini. Akafunga mlango, akatoa fomu kwenye faili, akaiweka mezani kati yetu. Mwandiko wangu.

"Mwanao alikuja kwangu mwezi wa pili," alisema. "Alisimama hapohapo ulipo. Akasema, Sista, naomba jina langu litoke kwenye kipaimara. Mimi ni Mmoravian, mama alikosea fomu. Nikamwuliza, mama yako alikosea? Akasema ndiyo, mama ana kazi nyingi, anashona."

Nikawa nasoma mwandiko wangu.

"Fausta, wewe hukukosea."

"Hapana, Sista."

"Kwa nini basi? Unaijua shule hii. Unajua hatuulizi mtu ili kumkataa. Tunauliza ili Jumapili tujue nani aende wapi. Wamoravian ninao saba hapa. Kila Jumapili matroni anawasindikiza kanisani kwao kijijini, wanatembea wanaimba. Upendo hakuwa kwenye orodha yao. Mpaka aliponiambia, wiki tano, mwanao hajaenda kanisani kwao."

Wiki tano. Nimekaa miezi nakesha nikiwatetea masista kwamba hawamnyang'anyi mtoto kanisa lake, na kumbe aliyemnyang'anya ni mimi.

Nilianza kueleza, wasije wakamweka mwisho wa orodha, nini na nini. Josefina akanyamaza kama Sista Pelagia alivyokuwa ananyamaza, mpaka maneno yangu yakaisha yenyewe. Halafu nikalia na ukweli ukatoka. Nilisema sijaingia misani miaka kumi na tano. Nilisema kila nikisikia kengele ya kanisa letu ninakanyaga cherehani kwa nguvu. Nilisema nilitaka mmoja wetu arudi, hata kama siyo mimi.

Akanipa maji. Akasema, "Pole. Lakini mtoto si wa kutumwa." Halafu akawa mkuu wa shule tena. "Fomu hii ilisainiwa na baba yake. Nataka nyingine, aisaini akijua anasaini nini, na bibi yake ajue pia, maana Upendo anasema bibi ndiye anayempeleka kanisani. Kabla ya kidato cha kwanza kurudi mwezi wa saba. Mimi siingizi mtoto kwa mlango wa nyuma."

Upendo nilimkuta chini ya mti wa mkaratusi, nywele fupi, magoti meusi ya kupiga deki, kaongezeka urefu. Alikula chapati zangu nne bila kupumua. Nikamwambia mwanangu, nisamehe, nimekukosea kwenye fomu.

Alitafuna kwanza. Halafu akasema, bila hasira kabisa, "Lakini Mama, kama unataka kusali kwenu, si uende wewe?"

Ana miaka kumi na tatu. Nilijifanya nafunga kapu.

Jumapili, 30 Machi

"Umemwonaje?" Mama kauliza.

"Mzima. Kila Jumapili anaenda Moravian kijijini."

"Ah! Kumbe wanawaruhusu?" Akafurahi, akaimba jikoni. Nilichosema ni kweli. Nilichokificha ndicho kinachonitafuna.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijasema.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijasema. Mvua zinapungua. Kaka yangu Erasmus kapiga kutoka Majimoto, mpunga umeinama, anaomba mikono mwezi ujao.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Wamoravian alfajiri ya Pasaka wanakwenda makaburini. Miaka yote nimekwenda kwa kufuata tu, nasinzia nimesimama. Ijumaa Mama alitutuma kupaka chokaa kaburi la baba mkwe, na leo giza halijaisha tulikuwa pale, kwaya nzima, umande miguuni, kila familia imesimama kwenye watu wake. Jua lilipochomoza Mchungaji akasema Bwana amefufuka, na wakaitikia wote kwa sauti moja, na Mama akainama akaligonga kaburi kwa kiganja mara mbili, kama unavyomgongea mtu mlango. "Baba Fredrick, umesikia?" alisema.

Miaka kumi na tano nimesimama karibu na mwanamke huyu nikidhani kwao hakuna kitu, kwetu ndiko kuliko na uvumba na kengele na uzuri. Yeye anasema tunapigia magoti sanamu, na mimi nilisema moyoni kwamba wao wana mabenchi tu. Tumekuwa tunadanganyana kila mmoja kwa upande wake.

Mwanangu alilelewa na hili, na mimi nilitaka kulifuta kwa neno moja la kalamu.

Jumamosi, 10 Mei, Majimoto

Tuko kwa Erasmus tangu Alhamisi. Mama kaja pia, kakataa kubaki mjini, anasema akikaa sana goti linaganda. Wifi yangu Katarina anamtania tangu asubuhi kwamba Wakonongo, watu wa kwao Mama, wanajua asali tu, mpunga wanauonea sahanini. Mama anamrudishia, anacheka. Wanaume wanakata, sisi wanawake tunapiga mpunga kwenye turubai.

Mchana wengine walikwenda kula. Tukabaki wawili, yeye anapepeta kwa ungo, mimi nazoa makapi. Nilijua nisiposema leo sitasema tena. Kwa masista tulifundishwa kuungama: unataja kosa lenyewe kwanza, sababu baadaye, na humtaji mtu mwingine.

Nikasema, "Mama, kwenye fomu ya Upendo niliandika Mkatoliki. Siyo shule. Ni mimi. Fredrick hajui. Mtoto ndiye aliyekwenda kwa sista kusema ukweli."

Ungo uliendelea. Nilidhani hakusikia. Halafu akauweka chini polepole.

"Uliniacha nimwogope sista," alisema, "miezi mitano."

"Ndiyo, Mama."

"Na ile simu iliyokatika?"

"Niliikata mimi."

Akainuka kwa kushika bega langu, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kushika, akaenda kukaa na Katarina. Bega linauma mpaka sasa.

Jumapili, 11 Mei

Kapanda gari la asubuhi kurudi Mpanda peke yake. Hajaniaga. Katarina ananiuliza kuna nini, nimesema goti.

Jumapili, 18 Mei

Leo ni siku ya tatu tangu nirudi. Mama anakula chumbani kwake. Fredrick nilimwambia mwenyewe Ijumaa, gereji, amelala chini ya pikipiki. Hakutoka chini yake muda mrefu. Alipotoka akasema, "Ningeweza kusoma kila karatasi unayoniletea, lakini nilidhani sina haja." Hajanifokea. Ningependa angefoka.

Jumatano, 28 Mei

Nimeshona sare za kwaya ya Moravian, ishirini. Mama kapita, kakagua pindo, kapita.

Ijumaa, 6 Juni

Upendo kafika! Bajaji ilisimama, Mama akatoka kabla yangu, bila fimbo. Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akamkagua kama anavyokagua kitenge dukani. Wakaingia chumbani kwake wawili, mlango ukafungwa. Walikaa mpaka chai ikapoa mara mbili. Nilisikia Upendo anasoma kitu kwa sauti, nikasikia Mama anacheka.

Kesho atatoa uamuzi. Mpunga umevunwa. Nimekaa hapa na daftari.

Jumamosi, 7 Juni

Tuliitwa sebuleni, mahali palepale pa mwezi wa kwanza. Upendo alikaa miguuni pa bibi yake.

Mama alisema, "Mtoto kanisomea neno la siku, siku zote za muhula aliandika kwenye daftari, hata zile wiki tano alizokuwa hapelekwi. Nikamwuliza, uliogopa kwenda kwa sista mkuu? Kasema aliogopa sana. Nikamwuliza, sasa nani alikufundisha kusema ukweli ukiwa unaogopa? Kasema hajui, labda wewe Bibi, labda kule." Akamgusa Upendo kichwani. "Mimi pia sijui. Arudi shule."

Fredrick akashusha pumzi. Fomu mpya ilikuwa mezani, akaisoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari, akasaini.

Nikainuka niende jikoni nikalie huko. Mama akasema, "Kaa. Sijamaliza. Nilikuwa nakwambia masista wanageuza watu. Nimekaa na Mkatoliki nyumba moja miaka kumi na tano, hajanigeuza, na mimi sijamgeuza. Nilikuwa najua, Fausta. Unaimba nyimbo zetu kama mtu anayesoma bango la barabarani. Niliona nikinyamaza utazoea. Nilikukosea."

Hajawahi kuniita Fausta. Siku zote mimi ni Mama Upendo.

"Jumapili ijayo uende kwenu," alisema. "Fredrick, una neno?"

Fredrick alisema hana neno, isipokuwa asubuhi hiyo nani atampikia chapati.

"Utapika wewe," akasema mama yake.

Jumapili, 15 Juni

Hakuna mvua, vumbi limeanza. Tulitoka pamoja wote wanne. Pale njia panda wao walikunja kulia, mimi kushoto, na Upendo alinipungia mkono mpaka nikaona aibu mbele ya watu wa bodaboda.

Nilikaa benchi la mwisho. Komunyo sikupokea, bado kuna mambo ya ndoa yetu ya kuongea na paroko na Fredrick kasema atakuja tuongee wote. Baadhi ya majibu ya misa yamebadilika, nilikuwa naitikia ya zamani, msichana wa mbele akageuka kuniangalia. Lakini ulipofika wimbo wa shukrani niliujua wote. Nilisimama, nikaimba mpaka shingo ikauma, machozi yanaingia mdomoni, wala sikujipangusa.

Nilipotoka nilimkuta Mama amesimama nje ya geti, peke yake, ameegemea fimbo, kitabu chake cha nyimbo kwapani. Ibada yao iliisha mapema, akawatanguliza Fredrick na mtoto nyumbani, yeye akaja kwa mguu ule mbovu mpaka huku.

"Ni wewe uliyekuwa unaimba?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mama."

Akanitazama muda mrefu kama mtu anayetaka kununua kitu na anaogopa bei.

"Miaka kumi na tano," alisema, "hiyo sauti ulikuwa umeiweka wapi?"

Nilimshika mkono tukavuka barabara.